Kitabu Nilichopeleka Nyumbani kwa Mohan

Jamani, hii niliapa sitaisimulia maishani, lakini Wekesa, huyu tunayelala naye chumba kimoja hapa mtaa wa Najma, Doha, ameshaitangaza kanisani Mesaimeer mpaka watu wananiita "Bwana Zawadi", kwa hiyo bora muisikie kwangu mwenyewe, na mkicheka mcheke polepole kwa sababu mwisho wake hauchekeshi.

Mohan ndiye anayetupangia sisi madereva nani aende wapi, Mhindi mpole, mtu wa kukuuliza kama umekula kabla hajakuuliza kwa nini umechelewa. Nilipougua mwaka wangu wa kwanza ndiye aliyeniletea supu ya dengu mpaka nikasimama, na kwa kuwa mara nyingi mimi ndiye ninayemrudisha nyumbani jioni, tukazoeana, anakaa kiti cha mbele tunapiga soga. Ndivyo nilivyojua kwamba yeye na mdogo wake Kishor, ambaye pia yuko hapa Doha, walikuwa hawasemezani kwa sababu ya nyumba aliyoiacha marehemu baba yao kule India. Aliniambia mara moja tu, tuko kwenye foleni, kisha akasema, "Boni, hii ibaki humu garini." Nikamjibu khalas, basi, imebaki.

Basi mama yao akasafiri kuja, mama mzee mwembamba asiyejua hata neno moja la Kiingereza, akawakalisha wanawe chini (maneno aliyotumia sijui, lakini mama ni mama) na wakapatana. Tena wakapatana sawasawa, wakakodi nyumba moja kubwa ya kukaa pamoja na wake zao, na Ijumaa moja wakaita watu waje kuiingia nyumba kwa maombi. Mohan akanialika na mimi.

Sasa nisikilizeni nilivyofikiri. Kwetu Bungoma mtu akihamia nyumba mpya unampa Biblia, na sijawahi kuona mtu akinuna kwa kupewa Biblia, mama yangu anazo za kutosha kufungua kanisa. Nikasema hawa ni Wahindu, nikiwapelekea kitabu chao nitaonekana mtu aliyesoma, si dereva tu. Na kitabu chenyewe nilikuwa nakisikia kila siku kazini: ule utenzi wao wa kale wa Kisanskriti, mrefu kushinda tenzi zote tulizokaririshwa shuleni, ambao bibi anausimulia, watoto wanauigiza, na watu wazima wakibishana ofisini kila mmoja anatoa mfano humo humo. Nikaona hapo nimemaliza.

Wekesa aliniuliza, "Buda, kwani umeuliza mtu yeyote?"

"Kitabu cha dini kinaulizwa nini?"

"Si ununue sukari tu, kama watu wengine." Halafu akaniambia ule msemo wa wagombanapo ndugu, shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Nikamjibu kwamba hawa wameshapatana, kwa hiyo mimi naenda na kapu.

Dukani mwenye duka, Mhindi pia, akaniuliza kama kitabu ni cha kusoma mwenyewe. Nikamwambia ni zawadi ya nyumba mpya. Akajikuna kichwa, akanitolea kijitabu kingine chembamba, akasema chukua hiki, ndicho watu wanachopeana. Mimi nikaiangalia sare yangu ya udereva, nikajua huyu ananiona sina kitu, nikapandisha kidevu na kusema nipe lile buku kubwa, lile lenye farasi na gari la vita kwenye jalada, na ulifunge kwa karatasi inayong'aa. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, na hata jembe nililetewa.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Mama alichemsha maziwa kwenye jiko jipya mpaka yakafurika, nami nikachomoka mbio kwenda kuzima gesi, wakanishika mkono wakicheka, kumbe yanaachwa yafurike makusudi ili nyumba ijae baraka. Hata Kishor alicheka. Nilimwona akimlisha kaka yake kipande cha kitamutamu kwa mkono wake mwenyewe, na mama yao amesimama pembeni, hawezi kuondoa macho kwao.

Ningeiweka zawadi yangu mezani kama wengine, yangekwisha. Lakini mimi kwetu nilikuwa mshereheshaji wa harusi, na ugonjwa huo hauna dawa. Nikasimama, nikagonga glasi kwa kijiko, nikaanza na "mgeni njoo, mwenyeji apone", nikaitafsiri kwa kile Kiingereza chetu cha Doha, wakapiga makofi. Nikachana karatasi mbele za watu na kukiinua kitabu juu kama kombe.

"Hiki ni kitabu cha ndugu wa ukoo mmoja," nikasema. "Mohan, Kishor, nawaombea muishi ndani ya nyumba hii kama ndugu wa ndani ya kitabu hiki."

(Wale ndugu, nilikuja kusoma baadaye, wanadanganyana kwenye kamari, wananyang'anyana ufalme, kisha wanauana karibu wote. Mimi nilikuwa nimesoma jalada la nyuma tu, tena nusu.)

Hakuna aliyepiga makofi. Mama yao hakuhitaji Kiingereza, alikuwa ameona jalada, akajifunika mdomo kwa ncha ya sari. Mohan akatabasamu, akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru vizuri sana, akatoka nacho na kukiweka ukumbini kwenye viatu vya wageni. Mtu mwenye akili angeelewa. Mimi nikaona bosi wangu amekisahau, kitaibwa, nikatoka, nikakifuta vumbi, nikakirudisha ndani na kukisimamisha kwenye kirafu cha ibada, kati ya taa na picha za miungu yao.

Mama akainuka na kukitoa yeye mwenyewe.

Kishor hakuwa akiangalia kitabu tena, alikuwa akimwangalia kaka yake. Akauliza kwa Kiingereza, makusudi, ili na mimi nisikie: "Umemwambia dereva wako mambo ya nyumba ya baba? Ndiyo maana ametuletea hiki, atucheke?"

Mohan akanigeukia. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, au niseme sijui chochote, Mungu angenisamehe. Lakini nilitaka kusaidia. Nikasema, "Aliniambia kidogo tu, tena kwa uzuri."

Kishor akamwita mkewe, wakavaa viatu na kuondoka. Mama yao aliwafuata hadi kwenye lifti akiwaita, na milango ikafungwa yeye akiwa bado amenyoosha mkono.

Mohan hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alinisindikiza hadi ngazini akaniambia kitabu kile wanakiheshimu wote, mahekaluni kinasomwa, lakini kizima hakikai nyumbani, kwa sababu wazee husema ndugu chini ya paa hilo watagombana. Kile kijitabu chembamba, akasema, ni fundisho lililotolewa humo humo, na hicho ndicho kinachowekwa majumbani. "Hukujua, Boni," akasema, na akanirudishia kitabu changu.

Kishor hakurudi kwenye nyumba ile. Mama yao akafungasha kabla ya muda wake, na siku ya safari kila mwana alikataa kupanda gari moja na mwenzake, na kila mmoja akakataa mwenzake ampeleke peke yake, kwa hiyo nani akatumwa? Mimi. Lugha ya kusemezana hatukuwa nayo. Pale uwanja wa ndege akanipa vibakuli viwili vya vitamutamu alivyopika mwenyewe, akaonyesha kwa kidole, hiki Mohan, hiki Kishor, akarudia mpaka nikaitikia kwa kichwa. Kisha akaniwekea mkono kichwani, kama nilivyomwona akiwawekea wanawe siku ya maziwa, akaingia ndani. Nililia ndani ya gari la kampuni kama mtoto, siwafichi.

Vibakuli nilivifikisha. Kishor alipokea chake mlangoni, akaniambia asante, akafunga.

Kitabu kiko chini ya kitanda changu na nimekisoma chote. Karibu na mwisho kuna akina mama wanaozunguka uwanja wa vita wakiwatafuta wana wao kati ya maiti, na nilipofika hapo ilinibidi nikiweke kwa siku kadhaa. Siku hizi nikialikwa nauliza kwanza, na nikikosa wa kumuuliza nanunua sukari, na hotuba sitoi hata nikibembelezwa.

Na Mohan bado namrudisha nyumbani jioni. Bado ananiuliza kama nimekula. Ila sasa anakaa kiti cha nyuma.