Bunduki Nzuri ya Shemeji Yangu

Mimi ndiye niliyemfanya kaka wa mke wangu auze bunduki yake. Naandika mapema kabla hajasimulia yeye, maana kwake habari hii ina matusi. Mimi ambaye sijawahi kuua kitu kikubwa kuliko mende, ambaye kuku wa Krismasi huchinjwa na mke wangu huku nimegeuzia uso ukutani, nilikaa kwenye kiti changu cha kamba hapa mjini, Isevya, na kumfundisha mkulima wa Kigwa, mwindaji mwenye kibali tangu ujana, risasi ipi ni bora.

Elimu yangu ilitoka kwa kinyozi. Pale kwake palikuwa na gazeti la kigeni la uwindaji, halina jalada, nami kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne nikalisoma mara tatu nikisubiri zamu. Lilikuwa na mchoro wa mistari miwili. Risasi ya zamani ilikwenda ikiinama kama mzee anayetafuta miwani yake chini. Ya milimita saba ilikwenda imenyooka. Nikamwomba kinyozi ule ukurasa. Shemeji alipokuja mjini kuuza karanga, nikamkunjulia.

"Hiyo yako imepitwa na wakati," nikamwambia. "Watu wanaipenda kwa sababu hawajasoma."

Akacheka. "Shemeji, wewe umewahi kupiga nini?"

"Nimepiga mahesabu."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Ila mimi nina ugonjwa wa kushinda mabishano nikiwa nimekaa. Kila alipokuja nilimchokoza, nikamwita mlinzi wa makumbusho, nikamuuliza kama bunduki yake huwa inakohoa. Mwishowe akachoka. Akafuata taratibu zote za polisi, bunduki yake ikahamia kwa jirani aliyepakana naye mashamba, na yeye akanunua ya milimita saba kwa mtu aliyekuwa anahama mkoa, pamoja na boksi moja la risasi. Ilikuwa nzuri, tuseme ukweli. Kitako kiling'aa kama meza ya sebuleni kwa padri. Boksi la pili litatoka wapi, hakuna aliyeuliza, na mimi msomi ndio kabisa.

Sasa najua kwa nini risasi moja hupendwa na nyingine ikakaa mjane, na kila sababu inanikera. Ile ya zamani, ambayo Kigwa huiita tu "ya kawaida", haikupendwa kwa kupiga vizuri, ingawa inapiga. Ilipendwa kwa sababu bwana nyama fulani wa zamani, ofisa wa wanyamapori, alikuwa nayo. Duka la mjini likaileta kwa ajili yake. Mtu wa pili akanunua bunduki inayokula risasi hizo kwa kuwa zipo dukani, na duka likaongeza kwa kuwa sasa wateja ni wawili. Basi, imetoka hiyo, ikawa kama sheria. Hata misafara ya zamani ilipita kwetu hivyohivyo: wapagazi walilala pale wenzao walipolala kwa kuwa kisima kipo, na kisima kilichimbwa kwa kuwa watu walilala pale. Ungewaonyesha njia fupi mara mia wangekuuliza, maji yako wapi? Mchoro wangu haukuwa na kisima.

Halafu Kigwa kwenyewe kuna desturi ambayo gazeti halikuijua. Nguruwe pori wakivamia shamba, mwenye shamba huwaita wenzake wenye bunduki, wote pamoja ni wanne. Asubuhi hutoa ungo wenye risasi, kila mtu akaokota sawa na mwenzake. Ungo huwa mmoja kwa kuwa bunduki zote nne zinakula chakula kimoja. Mwenye ungo ndiye mwenye msako. Yeye ndiye anayesema nani akae wapi, na paja la kwanza ni lake.

Mahindi ya shemeji yalipoanza kukomaa, nguruwe wakaja. Ndiyo mahindi ambayo nyumba yake hula hadi mvua nyingine. Kumbe lile boksi lilikwisha zamani, nusu kwa kulenga debe lililowekwa mbali, tena kwa ombi langu, ili nione mstari ulivyonyooka. Akaja mjini na kitabu chake cha leseni, tukaongozana hadi dukani.

"Milimita saba ipo," muuzaji akasema. Nilitaka kucheza ngoma.

Akaweka risasi moja juu ya meza. Shemeji akatoa mfukoni ganda tupu la risasi yake, akalisimamisha kando yake. Hata kabla ya kuitazama vizuri niliona kwamba ya dukani ni nene zaidi.

"Hiyo ni saba nyingine," muuzaji akasema. "Saba ziko nyingi. Hiyo yako sijawahi kuulizwa."

"Huwezi kuagiza?" nikadakia.

"Kwa mtu mmoja?"

Tulipotoka nje shemeji hakunitazama. "Kuanzia leo," akasema, "ukipata wazo, mwambie dada yangu kwanza. Yeye anajua kulizima." Akaenda zake bila kupitia nyumbani kula. Mke wangu aliposikia, akaniondolea sahani. "Nenda Kigwa. Kama huna faida nyingine, kapige debe."

Nikaenda, mimi ambaye hata sokoni hutuma mtu. Shemeji aliijibu salamu yangu kwa kutema mate pembeni. Asubuhi ungo ulitolewa na yule jirani aliyenunua bunduki ya zamani, kwenye shamba lisilo lake, kwa kuwa lazima mmoja autoe. Tulikaa chini kwa mstari. Ungo ulipofika kwa shemeji, mkono wake ulikwishanyanyuka kwa mazoea. Jirani akaupitisha juu ya magoti ya shemeji, ukaenda kwa aliyefuata.

Tukapewa madebe, mimi na yeye, tukawekwa kwenye kundi la kufukuza.

"Haya mashemeji," jirani akatuambia, "pigeni kwa kunyooka, kama kwenye karatasi."

Watu wakacheka sana. Mimi pia nilicheka, na shemeji akaniona nikicheka.

Tulipiga madebe kuanzia relini, shamba linakoanzia, kwenda vichakani. Risasi zililia tatu. Nguruwe wawili wakaanguka, mmoja kwa bunduki ya zamani, mwingine kwa mkono wa mwindaji wa Kiislamu ambaye huwapiga kwa moyo mweupe na nyama akawaachia Wakristo. Waliobaki walitoroka, na kazi yao walikuwa wameshaimaliza. Kutoka kwenye reli hadi kwenye kichuguu cha mwisho wa shamba hapakuwa na bua lililosimama. Shemeji alianza kuokota magunzi yaliyobaki na punje. Nikainama nimsaidie, akalisogeza gunia mbali na mkono wangu. Alipolifunga halikuwa limejaa.

Jirani akapita, paja begani. Nami, Mungu anisamehe, mdomo ukajifungua wenyewe: "Lakini kwa mbali, unajua, ile ya milimita saba..."

Akasimama. Akamtazama shemeji na gunia lake, kisha akanigeukia.

"Shemeji wa mjini, huyu alikuwa na bunduki mbaya na mahindi. Sasa ana bunduki nzuri. Nenda zako kwenu, utume unga, na wewe usije nao."