Kibao Kilichojaribiwa kwa Vidole Viwili

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Njombe sikupewa randa wala msumeno. Fundi Mkuu, Mbena mrefu asiyependa maneno, alinikabidhi kibao chenye matundu na ganda moja tupu la risasi. "Litie, litoe. Kila tundu." Nikafanya hivyo mpaka saa ya chakula, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, nikijiuliza kama huyu mzee ananitania.

Hakuwa akinitania. Vita ya Hitla ilikuwa imekwisha, lakini risasi zilikuwa bado adimu. Bwana Nyama, ndivyo tulivyomwita mzungu aliyesimamia wanyama wa porini, aliamuru maganda yaliyokwisha kupigwa yaokotwe na kujazwa upya: fataki mpya kitakoni, baruti ndani, kisha risasi mdomoni. Maganda yalisimamishwa kwenye kibao chetu ili mjazaji ayatazame kwa juu, aone kama baruti imelingana. Tundu likibana, utalivuta ganda kwa nguvu na baruti itamwagika. Likilegea, ganda litalala. Mimi nilidhani ni kazi ya kuchezea. Thubutu.

Bei tuliihesabu kwa tundu, si kwa ukubwa wa ubao. Tundu moja likiharibika hatukuliziba. Kibao kizima kiliingia motoni kuchemsha gundi, na hasara yake ikaingia katika bei ya kibao kilichofuata. Walowezi, ambao nao walinunua vibao vyetu, walinung'unika sana. Fundi Mkuu hakupunguza, wala hakuitaja bei mpaka mwenye kukitumia kibao, si mwenye kukilipia, ayatie maganda yote na kuyatoa mwenyewe. "Mkono uridhike kwanza," alikuwa akisema, "ndipo mdomo utaje bei."

Mkono huo mara nyingi ulikuwa wa Mlowe, askari wa Bwana Nyama, aliyemwoa dada yangu. Mtu wa utani kweli. "Shemeji," aliniambia, "ukinitobolea vibaya, dada yako atarudi kwenu na watoto wote." Tukacheka.

Kiangazi kimoja alitumwa Usangu, kule chini kwenye joto, ambako tembo walikuwa wanamaliza mashamba ya watu. Alichukua kibao alichokitoboa Fundi Mkuu mwenyewe, mbao iliyokaa darini miaka. Kilijaribiwa Njombe, kikapita. Kumbe mbao iliyokaushwa katika ukungu wa Njombe haijakauka. Ni sisi tu tuliodhani imekauka. Joto la Usangu likaifinya, matundu yakabana. Mlowe, akijaza risasi zake kambini, aliyavuta maganda, na moja likamwaga baruti bila yeye kuona.

Alipomlenga tembo, bunduki ilikohoa tu. Risasi ilikuwa imekwama ndani ya mtutu. Tembo anakuja, hakuna muda wa kuchungulia, akapiga ya pili. Mtutu ukapasuka ukaondoka na vidole vitatu vya mkono wake wa kushoto. Mwenzake ndiye aliyemwangusha tembo.

Tulimkuta amelazwa hospitali ya Ilembula. Fundi Mkuu alisimama kando ya kitanda, kofia mkononi.

"Mlowe, mbao ilikuwa yangu."

"Mzee, hata mimi niliyajaribu yale matundu. Yalikuwa mazuri."

Yule mzee, ambaye sikuwahi kuliona chozi lake hata alipomzika mkewe, aligeukia dirishani. Nami nililia waziwazi, siwafichi.

Tangu hapo mbao zote zilipelekwa Makambako, kwenye upepo mkavu, zikalala kiangazi kizima kabla keekee, chombo chetu cha kutobolea, haijazigusa. Nikahamishiwa huko kuzisimamia. Bei ikapanda. Bwana Nyama alipouliza sababu, Fundi Mkuu alimjibu kwa upole, "Sasa unalipia na upepo, bwana." Akalipa.

Mlowe asingeweza tena kushika bunduki, na walitaka kumwachisha kazi. Fundi Mkuu akaenda kumwombea, akampata, akamleta Makambako awe mjaribu wetu. Alikaa kwenye benchi langu, akashika ganda kwa vidole viwili vilivyobaki mkono wa kushoto, gumba na cha shahada, visivyoweza kuvuta kwa nguvu. Likitoka bila kuvutwa, aliguna, nami nikaenda kutaja bei. Lisipotoka, motoni. Alikuwa mkali kuliko Fundi Mkuu. Vibao nilivyovipenda aliviunguza huku akinipoza, "Pole, shemeji. Bora kiungue kibao."

Tulifanya kazi hivyo mpaka tukazeeka wote. Siku tulipomzika Mlowe nilirudisha keekee stoo, nikastaafu. Ninyi vijana mnauliza bei kabla hamjashika kitu, na muuzaji naye anaitaja kabla hajaulizwa. Sitaki kugombana na mtu, lakini linaniuma.

Juu ya kabati langu kipo kibao cha mwisho nilichotoboa, Mlowe akiwa kitandani, asiamke tena. Wageni hukigeuzageuza na kuniuliza ninauza kiasi gani. Ninawajibu kwamba sijui, nao wanadhani mzee anataka kupandisha. Kweli sijui. Hakijajaribiwa.