Kalenda Iliyonipeleka Gesima Siku ya Sabato

Nikipita Gesima hadi leo huwa nainamisha kichwa, mimi mwenye diploma ya kompyuta kutoka Marekani, mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuunganisha waya wa simu na mtandao pale Kisii mjini, kwa sababu watu wa huko hawajasahau, na ningekuwa wao nami nisingesahau.

Mipango yangu yote niliiandika kwenye faili moja la maandishi matupu, kila shughuli mstari wake, kisha programu niliyoitunga mwenyewe (mwenyewe, jamani!) ililituma kwenye kalenda ya mtandaoni ambayo ndugu zangu wa Nairobi waliifungua wakajua niko wapi. Nilipojiandikisha, kalenda iliuliza naishi wapi. Ningejibu Nairobi, yangeisha. Nikaacha Los Angeles, maana nilipenda jinsi jina lile lilivyokaa juu ya ukurasa wangu.

Basi siku ya kupeleka mahari kwa kina Kemunto, mchumba wangu wa Gesima, ikapangwa, Jumapili saa tatu asubuhi, nikaandika, programu ikatuma kwa saa za Kenya, ndugu zangu wakachapisha ukurasa wa mwezi nami nikabandika wangu ukutani kwa mama. Shangazi Moraa, msemaji wetu, akautazama.

"Wewe, hapa ni Jumamosi. Si tulikubaliana Jumapili?"

"Shangazi, kompyuta haisahau kama sisi."

"Na wale ni Wasabato!"

"Kwa mtu aliyetoka Marekani watalegeza kidogo."

(Sisi ni Wakatoliki, shughuli zetu ni Jumamosi, sikuona ajabu.)

Jumamosi tukapanda Gesima, ndugu wa Nairobi ndani ya tai, wanawake wakiimba, fahali na mtamba mbele, mimi katika suti ya vipande vitatu. Bomani hakuna mtu, mbwa tu. Nyimbo zetu zikavuka majani chai hadi kanisani ng'ambo ya barabara, na yule fahali, sijui alishtuka nini, akakata kamba akaenda kusimama mlangoni mwa kanisa katikati ya mahubiri. Mzee Ombati, baba yake Kemunto na mzee wa kanisa hilo hilo, akatoka na Biblia mkononi.

"Kijana, leo siku gani?"

"Jumamosi, mzee."

"Umeleta soko la mifugo mlangoni kwa Mungu."

Nyuma yake nikamwona Kemunto ameziba uso kwa mikono, nikajua mke nimemkosa.

"Mzee, tusamehe," shangazi akasema. "Huyu bado ni mgeni, ametoka Marekani juzi." (Juzi! Nilikuwa na mwaka mzima nyumbani.)

"Mgeni hafukuzwi. Ingieni mkae. Mambo yenu ni kesho."

Wakatuketisha benchi la mbele. Mhubiri akaacha somo lake akaanza kueleza umuhimu wa kujua siku, akinitazama, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Jumapili saa tatu yetu, Los Angeles bado ni Jumamosi usiku, kalenda yangu ilihesabu kwa saa za huko, na ukurasa wa mwezi hauonyeshi saa, unaonyesha siku tu. Nilitamani kuingia chini ya benchi. Faili langu halikuwa na kosa lolote.

Ng'ombe wakalala huko. Jumapili tukarudi, shangazi akaanza kwa madaha, "Wale wawili mmeshawapokea jana..."

"Wa jana?" Mzee Ombati akamkatiza. "Jana sikupokea mahari, ilikuwa Sabato. Wale walikuja kusali. Wa mahari wako wapi?"

Boma zima likacheka, Kemunto zaidi ya wote, na kwa kile kicheko nikaongeza ng'ombe wawili bila kubishana.

Diploma bado imetundikwa sebuleni. Chini yake Kemunto ametundika kalenda ya karatasi ya kanisa lao, na mimi, mtunga programu, siendi kokote kabla hajaizungushia siku ile kalamu nyekundu.