Siku Nilipomvua Staa Kiatu

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nizime feni. Ndiyo, feni! Studio yetu ilikuwa ghorofani, katikati ya Nyamagana, Mwanza, juu ya duka la magodoro, na feni ile ilinguruma mpaka ikasikika kwenye vipaza sauti. Kwa hiyo kabla ya kurekodi inazimwa, mgeni anatokwa jasho, mimi nampaka poda upya. Nilikuwa nimetoka kufundisha shule ya msingi Magu, nikidhani televisheni ni kukaa kwenye kiyoyozi. Thubutu!

Nyie mnaojirekodi kwa simu hamkijui cheo changu. Nilikuwa msimamizi wa studio. Huyo anasimama pembeni ya kamera na hedifoni masikioni, anasikia amri za mwongozaji aliyeko chumba cha mitambo, kisha anampelekea mtangazaji kwa vidole na macho tu. Sheria yake ni moja: haonekani wala hasikiki. Mimi Milembe, Msukuma mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, nikafundishwa kunyamaza. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa.

Kipindi kiliitwa Nani Kasema, cha habari za mastaa. Mkurugenzi wetu alikuwa mkali kweli. "Hapa uvumi haurushwi," alituambia. "Mlete mwenyewe, akae kwenye kochi, aulizwe." Tabu ni kwamba mastaa walikuwa Dar. Sisi tukawaleta wa kwetu: manju wa ngoma, mcheza na chatu, mpambaji aliyegombana na bibi harusi siku ya harusi yenyewe. Watu walikipenda! Akina mama wauza dagaa kule mwaloni, soko la samaki la ziwani, walikuwa wanafunga biashara mapema ili wakiwahi.

Makao makuu hawakuona hivyo. Mkuu wa Vipindi akaja kutoka Dar, shati limenyooka, akatukalisha.

"Mama Milembe," akasema, "Mwanza mna samaki. Mastaa hamna. Cha Ijumaa hii ndicho cha mwisho, labda mnionyeshe kitu."

Damu ilinichemka. Kipindi kile tulikilea wenyewe, na wenzangu walikuwa wanasomesha watoto kwa kazi ile.

Mkurugenzi akahangaika, akampata Mwanahawa, mwimbaji wa Kizaramo aliyekuja Mwanza kwa onyesho. Nchi nzima ilikuwa inamsema. Mama yake alikuwa amefariki, na magazeti yakaandika kwamba hakutoa hata chozi makaburini, kisha akapanda jukwaani kabla matanga hayajapoa. Yeye alikuwa hajajibu neno. Alikubali kuja, na tukaenda laivu, yaani linalosemwa linaruka papo hapo, hakuna kukata.

Basi akakaa kwenye kochi kama mtu anayesubiri daktari wa meno. Mtangazaji akimuuliza hili, "Ndiyo." Akimuuliza lile, "Hapana." Akipewa pole, "Ahsante." Mwongozaji ananipigia kelele masikioni, "Mwambie aulize kingine! Chochote!" Nyuma yake nikamsikia Mkuu wa Vipindi: "Si niliwaambia?"

Nikavua hedifoni.

Sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani, na msiba bila mtani haujatimia. Sasa huyu binti alipewa pole na kila mtu, lakini nani alimtania? Nikaingia mbele ya kamera na sketi yangu ya kazi, nikamvua kiatu mguuni, maana mtani msibani hupokonya kitu.

"We Mzaramo! Nani kakupa ruhusa ya kuzika bila mimi?"

Mtangazaji akashika mdomo. Mwanahawa akanikodolea macho. "Wewe nani?"

"Mtani wako, Msukuma! Mmezika kimya kimya, mkala pilau peke yenu. Nendeni mkamfukue, nije nimzike mwenyewe!"

Midomo ikamcheza. "Msukuma mshamba wewe! Ungekuja na ng'ombe zako zikanyage kaburi!"

Akacheka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

"Mama alinikataza, mtani," akasema. "Aliniambia, ukinililia mbele ya kamera za waandishi, nitarudi nikuchape. Kaimbe. Basi nikaenda kuimba. Sijalia mpaka leo."

Nikakaa sakafuni nikamkumbatia, kiatu chake mapajani mwangu. Nililia naye, kwa nini nifiche? Mtangazaji akaweka karatasi yake chini, na hiyo ilikuwa kazi nzuri kuliko maswali yake yote.

Kipindi kilipoisha, Mkuu wa Vipindi akatoka chumba cha mitambo, macho mekundu. "Mama, nani alikuruhusu kuingia kwenye kamera?"

"Hakuna, baba. Nifukuze."

"Nikufukuze, Ijumaa ijayo nani atamtania mgeni?"

Weee! Kipindi kikarushwa nchi nzima, kutoka Mwanza hiyo hiyo. Tukaweka kigoda kando ya kochi, kigoda cha mtani. Mchaga akija tunamtafutia Mpare, Mhehe tunamletea Mngoni. Mastaa wakawa wanapanda ndege wenyewe kuja kutukanwa kwa mapenzi. Hata feni ile ilitupwa, tukapata kiyoyozi.

Nimestaafu mwaka huu. Vijana huniuliza siri ya kazi, nami nawajibu: mtu aliyesemwa sana, mwendee kama ndugu yake.

Siku ya mwisho nilisimama pale pale pembeni ya kamera, nahesabu kwa vidole. Kumbe Mkurugenzi alikuwa na lake. Nikasikia mtu ananivuta mguu.

"We Msukuma! Nani kakupa ruhusa ya kustaafu bila mimi?"

Mwanahawa alikuwa amepiga magoti, kiatu changu mkononi, na kamera zote zimenigeukia mimi. Kiatu hakukirudisha. Nilirudi nyumbani Butimba mguu mmoja peku, nacheka njia nzima.