Samaki Ishirini wa Mzee Makokha

Siku ile ya bondeni, karibu na Sigalagala, naikumbuka vizuri, mwanangu; lakini kwanza nitenge niliyoyasikia na niliyoyaona. Kwamba Mzee Makokha alimwaga dawa ya ng'ombe mferejini, nilisikia. Kwamba samaki wa jirani yake walikuwa na minyoo ya njano chini ya mashavu, nilijionea.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa mwanachuo niliyetumwa kujifunza kazi kwa afisa wa uvuvi, ambaye wakulima walimwita Bwana Samaki. Mama Ayuma, mjane, alifuga perege katika bwawa lililopata maji yake kutoka bwawa la Makokha. Wanunuzi walipoiona minyoo, walimrudishia samaki wote.

"Hii maji ya Makokha, na dawa yake ya ng'ombe, ndiyo inaniletea wadudu," aliniambia. "Watu wote wanasemanga hivyo."

Nikayaandika hayo katika ripoti. Vibaya zaidi, niliyatamka mkutanoni mbele ya wanakijiji, nikiwa nimevaa koti jeupe la maabara.

Kesho yake asubuhi Bwana Samaki akaisoma ripoti.

"Umepasua samaki wangapi wa Makokha?"

"Hakuna, mwalimu. Lakini watu wote..."

"Watu wote wana kisu? Na hicho chako ulikileta cha kumenya viazi?"

Tulipofika bondeni, vijana walionisikia mkutanoni walikuwa wamekwisha kubomoa ukingo wa bwawa la Makokha. Mwenyewe alikuwa matopeni, akiokota samaki na kuwatia katika karai.

"Daktari wa samaki amefika," alisema bila kunitazama. "Pasua basi. Hawa hawatakukimbia."

Nilipasua ishirini, sikuona mnyoo wa njano hata mmoja. Kisha nikapasua ishirini wa Mama Ayuma, na karibu wote walikuwa nao. Maji yale yale, samaki wa aina ile ile.

Bwana Samaki akanipeleka kwenye kona ya bwawa la Mama Ayuma, penye uzio wa vijiti ambamo samadi hutiwa ili kurutubisha maji, kama sisi wenyewe tulivyowafundisha wakulima. Uzio wake ulikuwa umeoza na nyasi zimeingia majini. Niligeuza kijiti kimoja. Upande wa chini kilijaa konokono. Vijiti vilivyosimama vilikuwa vyeupe kwa kinyesi cha korongo. Kingo za Makokha zilikuwa zimefyekwa, na uzio wake ulikuwa mpya.

Kwamba mnyoo huyo hutoka kwa konokono akaingia kwa samaki, kisha akakomaa ndani ya ndege, nilikuja kuyasoma vitabuni. Sikuyaona kwa macho. Lakini nilielewa kwamba wanaoishi ndani ya samaki hutegemea yaliyo kando yake: konokono, ndege, majani, hata jinsi samaki walivyosongamana. Maji peke yake hayatoshi kuwa shahidi.

Basi nakuusia, mwanangu: usimtaje mtu kwa kosa kabla hujapasua samaki wake. Ukiwa umesoma, ogopa zaidi, kwa maana neno lako hubomoa haraka kuliko jembe. Mungu akupe jicho la subira na ulimi usiotangulia jicho hilo.

Nilimwomba Makokha radhi mbele ya watu wale wale. Kama alinisamehe, sijui. Wengine husema ndiyo. Nilichokiona ni kwamba hakurudisha maji katika shimo lile la bwawa, alipanda humo nduma, yale magimbi ya matopeni.