Pua ya Nyiraneza

Nyiraneza alikuwa na miaka arobaini na mitatu alipovaa glovu za ndondi kwa mara ya kwanza, na ngumi ya kwanza iliyompata ilimlaza chini. Hakuumia sana. Ila alijikunja, akafunika kichwa kwa mikono, akabaki vivyo hivyo hata aliyempiga akaingiwa na hofu.

Ndivyo alivyolala kwao Masisi, siku wanamgambo walipomkata mumewe mapanga mlangoni mwao. Naye walimpiga kwa vitako vya bunduki wakamwacha wakidhani amekufa. Kutosogea ndiko kulikomponya. Miaka ikapita, akaletwa Minnesota kama mkimbizi, pamoja na bintiye Joyeuse, lakini mwili haukujifunza jingine: majirani wakigombana kule New Hope walikopewa nyumba, yeye tayari yuko sakafuni.

Kocha wake, Khalfan, alikuwa Mtanzania, nesi wa kazi, aliyefundisha ndondi jioni karibu na mtaa wa Cedar-Riverside. Hakumhurumia.

"Kuanguka si kosa, dada," alimwambia. "Umekuja kujifunza kuinuka."

Akaanguka majira yote ya baridi. Mdomo ukapasuka, jicho likavimba, wanakwaya wenzake kanisani wakanong'ona kwamba kuna mwanamume anayempiga. Taratibu akaanza kuinuka.

Theluji ilipoyeyuka mwaka 2016, akapanda ulingoni kwa pambano lake la kwanza, katika mji wa Anoka. Mpinzani wake alikuwa mdogo kwake, mwenye mikono mirefu. Raundi ya kwanza pua ikavunjika, damu ikamwagika kifuani. Akaanguka, akainuka. Raundi ya pili ngumi ya mbavu ikamkata pumzi, akapiga magoti. Harufu ya damu yake ikamrudishia Masisi yote. Mikono ikapanda kichwani yenyewe. Akaiteremsha. Akasimama, akamtandika yule mwanamke taya hata akayumba. Naye akarudishiwa ngumi mfululizo za uso, mpaka refa akasimamisha pambano. Nyiraneza alishindwa.

Joyeuse, akilia, alimsihi kwa Kiingereza aache mchezo huo. Mama akatema damu ndooni.

"Mwanangu, nimepigwa nikiwa nimesimama," akasema. "Sikujua kama inawezekana."

Pua ilipona ikiwa imepinda. Mwaka uliofuata alirudi Anoka, akapigwa tena, tena vibaya. Wakiwa njiani kurudi akamwomba Khalfan asimamishe gari wanunue kuku wa kukaanga, maana njaa ilimuuma kuliko mbavu.