Beseni la Maji ya Kijivu

Dada yake alipopanda mlima na beseni kichwani, Sindano alikuwa ananawa mikono, moyo wake mweupe. Tundu la saba, lililomtesa juma zima, lilikuwa limekunywa mifuko arobaini ya saruji na kunyamaza.

"Umeniletea chai, dada?"

Dada alilitua beseni juu ya ubao kando ya pampu, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyekwisha kusinzia. Ndani mlikuwa na shuka moja ya nyumba ya wageni. Maji yalikuwa ya kijivu.

"Chemchemi ya nyuma ya nyumba inatoa haya," alisema. "Tangu saa tatu. Nimengoja yatakate. Hayatakati."

Sindano alichovya vidole viwili, akavisugua. Aliitambua saruji ile kama mtu anavyoitambua sauti yake mwenyewe ikimjibu kutoka chumba cha pili, katika nyumba aliyodhani haina mtu.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amefanya kazi hiyo moja. Mahali panapojengwa bwawa, wenzake hutoboa mwamba matundu marefu yanayokwenda chini, naye huingiza ndani yake uji wa saruji kwa pampu, ili nyufa zizibwe na maji yasije yakatoroka chini ya ukuta. Ndiyo maana wakamwita Sindano. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Hata mkewe, akikasirika, alimwita hivyo: "Sindano, umechoma milima yote, mlango wa jikoni bado unalia."

Kazi ile ina amri moja. Mwamba wa juu huulalia mwamba wa chini, na uzito huo ndio unaozibana nyufa. Ukisukuma uji kwa nguvu ndogo kuliko uzito huo, nyufa hujaa. Ukizidisha, hazijai tena, zinafunguka. Kwa hiyo kwenye kioo cha geji ya pampu, inayopima nguvu ya msukumo, palikuwa na mstari mwekundu ambao mshale haukupaswa kuuvuka. Mstari wa kiwandani ulipofutika, Sindano alikwenda kumwomba dada yake rangi ya kucha.

"Siku hizi hata pampu zinajipamba?" dada alicheka. "Mwambie wifi yangu aje aone mke mwenza." Lakini aliuchora yeye mwenyewe, kwa mkono usiotetemeka, mkono wa dobi.

Dada aliishi chini ya mlima huohuo. Nyuma ya nyumba yake maji yalitoka katika ufa wa jiwe, masika na kiangazi, baridi na meupe. Kwa maji hayo alifua shuka za nyumba tatu za wageni. Kwa maji hayo alimlea Sindano mama yao alipofariki, yeye akiwa na miaka kumi na minane na mdogo wake saba.

Na asubuhi ile Sindano alikuwa ameuvuka mstari.

Haikuwa kwa tamaa. Tundu la saba lilikataa. Kila alipoingiza uji, mshale ulipanda haraka hadi kwenye ile rangi nyekundu, na uji hauingii. Lakini kila walipolipima, lilivuja. Vijana wa zamu nyingine walianza kumtania kwamba sindano imepinda. Basi akaufungua mkono wa pampu zaidi kidogo. Upana wa ukucha tu.

"Fundi, mshale umepita," alisema mkorogaji, mzee mwenzake aliyekuwa akimimina mifuko.

"Umepita wapi? Tazama, unarudi huo."

Kweli, mshale ulitetemeka, kisha ukaanguka wenyewe. Ghafla mwamba ukaanza kunywa.

"Kumbe ulikuwa na kiu!" Sindano alishangilia. "Leta mifuko!"

Katika daftari la vipimo aliandika kwamba mshale haukuvuka.

Sasa alisimama mbele ya beseni, vidole vikimkauka na kuwa vyeupe.

"Labda huko juu wanachimba udongo," alianza.

Dada alivitazama vidole vyake. Hakuviondolea macho. "Mdogo wangu," alisema, "saruji hii itaganda saa ngapi?"

Hapo ndipo Sindano alipopiga hesabu. Mfuko wa kwanza uliingia saa mbili. Sasa ilikuwa saa nne. Ikipita saa sita mchana ufa ule ungekuwa jiwe, na ili uoshwe kabla ya hapo ilibidi mtu aseme ni nini kilichotokea.

Alikwenda kwa injinia, mama mmoja mfupi aliyekuwa akila ndizi juu ya michoro. "Niliuvuka mstari," alisema. "Kwenye daftari nimedanganya. Saruji imetokea kwa dada yangu."

Injinia alibaki na ndizi mkononi. "Mifuko yote arobaini?"

"Arobaini."

"Uliunyanyua mlima," alisema, karibu kwa kunong'ona. "Kidogo, kama unene wa karatasi. Ukaupitishia saruji chini yake. Ulipozima pampu, mlima ukaketi tena." Kisha akaitupa ndizi. "Maji! Maji matupu, chini ya mstari! Na wewe usiguse pampu!"

Mkorogaji ndiye aliyeishika. Kwa muda wa saa mbili nzima maji yaliingia tundu la saba, na Sindano alikuwa bondeni pamoja na dada yake, mbele ya ufa. Ulitoa kijivu kizito kama uji. Ukatoa maziwa. Saa sita na dakika chache ukakauka.

Dada alishika kiuno. Hakulia. Alilitazama lile jiwe lenye unyevu kama anayetazama uso wa mtu aliyemfahamu na sasa hamtambui.

Ndipo uzi mmoja ukachuruzika. Mwembamba, wenye ukungu, lakini maji.

Zamani beseni lilijaa kabla dada hajamaliza kukunja shuka moja. Siku ya tatu, Sindano akiwa tayari ameondolewa kwenye pampu na kupewa koleo, waliketi wakihesabu. Dada alikunja shuka kumi na moja. Maji yalikuwa yametakata, lakini beseni lilikuwa nusu.

"Nyumba mbili nitazirudishia shuka zao," alisema. "Moja nitaiweza."

Sindano aliinuka, akaokota kipande cha chuma, akainama kwenye ufa ili aupanue kidogo. Upana wa ukucha tu.

Dada alimchapa mkono kama alivyomchapa alipokuwa na miaka saba.

"Acha! Umeshausaidia vya kutosha."

Akakiweka chuma chini. Wakaketi bega kwa bega, wakilingoja beseni.